Iyi Njo Siye?

Ukiingia chumba cha chanjo katika kituo cha afya hapa Lubumbashi, mara nyingi utaona ukutani karatasi kubwa iliyobandikwa kwa sparadra, plasta ile ile ya kufungia vidonda. Juu yake kuna mstari mmoja wa mshazari unaotoka pembe ya chini kushoto na kupanda hadi pembe ya juu kulia. Huo ni mstari wa lengo la mwaka. Karibu nao hupita mistari miwili iliyochorwa kwa kalamu na rula: mmoja wa watoto waliopata dozi ya kwanza ya Penta, mwingine wa waliopata dozi ya tatu. Kila mwisho wa mwezi muuguzi hujumlisha watoto wa mwezi huo na wa miezi ya nyuma, akaweka nukta, akaiunganisha na nukta iliyotangulia. Uwazi unaobaki kati ya mistari hiyo miwili ni watoto walioanza chanjo wasirudi kuimaliza.

Penta huchanjwa mtoto akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Inamkinga na dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mama aliyemleta mtoto mara ya kwanza ana imani na chanjo. Akikosekana mara ya tatu, kuna jambo limemzuia. Ndiyo maana uwazi ule wa ukutani unatazamwa sana. Ukizidi asilimia 10 ya walioanza, kituo kinatakiwa kutafuta sababu.

Kwa muda mrefu niliipita karatasi hiyo bila kuisoma. Mwanzoni mwa 2019 nilikuwa nasimamia takwimu katika ofisi ya zoni moja ya afya ya mjini, na nilikuwa na chombo nilichokiona bora zaidi. Kongo inaendesha Mfumo wa Taifa wa Taarifa za Afya, SNIS kwa kifupi cha Kifaransa, kwa programu ya DHIS2. Programu hiyo ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na leo inafanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti katika nchi nyingi. Kituo kinajaza ripoti ya mwezi kwenye karatasi, karatasi inaletwa kwetu, sisi tunaingiza namba kwenye kompyuta, na kuanzia hapo mkoa unaziona, Kinshasa inaziona. Kupanda, takwimu zetu zinapanda vizuri. Kushuka ndiko kulikokuwa shida. Muuguzi aliyehesabu watoto wale mmoja mmoja hakuwa na kompyuta, wala bando la kufungua programu. Alichorudishiwa ni karatasi moja mwezini, ile ninayoichapa mimi kwa ajili ya mkutano.

Sasa nieleze siku ile.

Nilikuwa nimetengeneza chati ya maeneo manne ya afya kwa miezi 12 iliyopita, ikionyesha kwa kila eneo asilimia ya watoto walioacha Penta njiani. Mistari minne, rangi nne. Mmoja mwekundu ulikuwa unapanda mwezi baada ya mwezi, na mmoja wa kijani ulikuwa umeanza juu ukashuka vizuri. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Ukipeleka kishale juu ya nukta, kisanduku kidogo kinafunguka na kukutajia eneo, mwezi na namba. Asubuhi ya mkutano umeme ukakatika na printa ya ofisi ikalala. Nikaihamishia chati kwenye flashi kwa betri iliyobaki, nikakimbia hadi kibanda cha fotokopi chenye jenereta. Kijana wa pale akaniambia wino wa rangi umekwisha tangu juzi. Nikamwambia chapa nyeusi, piga nakala 20. Nilizitazama haraka, nikaona mistari ipo na maandishi yapo, nikalipa, nikakimbia tena.

Katika mkutano karatasi zikagawiwa. Aliyekuwa anaongoza akaushika ule mstari unaopanda, akateremsha macho kwenye ufunguo wa rangi chini ya chati, akaona kijistari cha kijivu na jina pembeni yake. Akalisoma jina hilo kwa sauti. Lilikuwa jina la eneo la kituo cha mama mmoja, muuguzi mkuu wa kituo, cheo ambacho huku kwetu tunakiita titulere. Alikuwa amefanya kazi ile tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Wote tukamgeukia. Mama Titulere akainua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akasema kwa upole, kwa Kiswahili chetu:

— Iyi haiko siye.

Hii si sisi. Akaulizwa, kama si ninyi ni nani? Hakuwa na jibu, kwa kuwa karatasi ilikuwa na kijivu tu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na laptopu iliyozimika, na namba zote sikuwa nazo kichwani. Nilihisi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Sikusema. Pesa ya usafiri ya mwezi ule kwa ajili ya kuwafuata watoto nyumba kwa nyumba ikapangiwa kituo chake, pamoja na ziara ya ukaguzi. Kituo kilichokuwa kinapoteza watoto kweli kikapita bila kuguswa.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini. Chini ya kwapa alikuwa amebeba bomba refu la karatasi, na kingo zake bado zilikuwa na vipande vya sparadra vilivyobanduka na chokaa ya ukutani. Alikuwa ameibandua chati yake.

— Angaria, mwana. Minaleta yangu.

Akaikunjua mezani kwangu. Pembe moja nikaizuia kwa stepla, nyingine kwa kikombe, mbili akazizuia yeye kwa viganja. Nilikuwa sijawahi kuitazama karatasi ya namna ile kwa ukaribu huo. Miraba ilikuwa imepigwa kwa penseli kwanza, ndipo wino ukafuata. Mstari wa dozi ya kwanza ulikuwa mzima, wa dozi ya tatu ulikuwa wa vikato vikato, ili hata kalamu ikibadilika usichanganye. Mwisho wa kila mstari, pale ulipoishia, jina lake lilikuwa limeandikwa hapo hapo. Juu kabisa: jina la kituo, mwaka, idadi ya watu wa eneo, idadi ya watoto wanaotarajiwa. Chini ya kila mwezi: namba yenyewe. Nukta mbili zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe na kusahihishwa, na kando ya sahihisho kulikuwa na saini yake. Pembeni mwa mwezi mmoja alikuwa ameandika kwa herufi ndogo kwamba mvua iliharibu barabara ya upande wa mtoni.

Mistari yake miwili ilikuwa karibu kama reli. Nikafungua kompyuta. Wa kijani ulikuwa wake.

Nilimwomba msamaha. Akaikunja karatasi yake taratibu, akauliza tu wale watoto wa kituo kile kingine watafuatwa lini. Swali hilo lilinikalia moyoni mwaka mzima. Mwezi Juni 2019 Wizara ya Afya ilitangaza janga la surua nchini, na kufikia Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linahesabu zaidi ya watu 310,000 walioshukiwa kuugua na zaidi ya 6,000 waliokufa. Dozi ya kwanza ya surua huchanjwa mtoto akifika miezi 9. Aliyepotea kabla ya Penta ya tatu mara nyingi ndiye yule yule asiyeonekana akifikisha miezi tisa. Siwezi kuunganisha karatasi yangu ya kijivu na mtoto yeyote, na sitafanya hivyo. Ila tangu hapo sijawahi kuiona chati kama pambo la ripoti.

Nilichofanya kwanza ni kutafuta kwa nini rangi mbili nilizoziona tofauti kabisa zilikuwa kitu kimoja kwenye karatasi. Jibu ni hesabu. Ili kugeuza rangi kuwa kijivu, kanuni inayotumiwa sana huchukua nyekundu kwa uzito wa karibu asilimia 30, kijani asilimia 59 na bluu asilimia 11, kwa kuwa jicho la mtu huona mwanga zaidi katika kijani. Kila rangi ya kompyuta hupimwa kutoka 0 hadi 255. Nyekundu kali ya 255 inatoa kijivu cha 76. Kijani kilichokolea cha 128 kinatoa kijivu cha 75. Sabini na sita na sabini na tano! Hakuna jicho la kutenganisha hizo mbili, na mashine haikukosea hata kidogo. Jozi ambayo sote tunaipenda, nyekundu kwa kibaya na kijani kwa kizuri kama taa za barabarani, ni jozi inayoweza kufa kabisa karatasini.

Nikajifunza kuchora kama Mama Titulere. Mstari mzima, mstari wa vikato, mstari wa nukta. Jina mwishoni mwa mstari wenyewe badala ya ufunguo wa chini. Ikibidi kutumia rangi, ziachane kwa wepesi na uzito: njano iliyofifia na bluu nzito hubaki mbili hata zikiwa kijivu. Matoleo ya baadaye ya DHIS2 yana hata seti ya michoro ya mistari na vidoadoa ya kujazia nguzo mahali pa rangi. Mistari minne nikaona mingi. Siku hizi nikiwa na maeneo manne natoa chati ndogo nne kwenye ukurasa mmoja, zenye kipimo kimoja, kila moja na jina lake kichwani. Na kabla ya kugawa chochote, naipiga fotokopi, kisha naipiga fotokopi ile fotokopi. Najua karatasi yangu ikifika kituoni itanakiliwa tena kwa wahudumu wa mitaa, na wao ndio nataka waione vizuri.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kulielewa: ile chati iliyo kwenye kivinjari ni nini hasa. Nilidhani ni picha. Kumbe kwa kawaida ni orodha ya maagizo: anzia hapa, vuta mstari hadi pale, andika neno hili kwa ukubwa huu. Kivinjari kinayafuata maagizo na kuchora papo hapo, ndiyo maana unaweza kuikuza bila kuharibika. Ukipiga picha ya kioo, maagizo yote yanatupwa na unabaki na nukta. Kioo changu kilikuwa na nukta 1366 kwa upana, na chati ilichukua kama 700 kati ya hizo. Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa sentimita 29.7, yaani inchi 11.7. Tandaza nukta 700 humo, unapata nukta 60 hivi kwa inchi, wakati printa ya kawaida inaweza kuweka 300 au 600. Ndiyo sababu herufi zinatoka kama zimeloa maji. Ukitoa chati kama PDF kutoka kwenye programu yenyewe, maagizo husafiri nayo, na mstari unabaki mkali hata ukichapa bango la ukutani.

Lakini kutoa nako kuna mitego yake. Programu nyingi za intaneti, ukibonyeza kitufe cha kupakua, huyatuma maagizo hayo hadi kwenye seva, huko yanageuzwa kuwa faili, kisha faili linarudishwa kwako. Mtandao ukikatika katikati unapata faili lenye jina zuri na tumbo tupu. Mara mbili nimefika kibandani na faili la namna hiyo. Sasa sitoki ofisini bila kulifungua kwanza, kulivuta hadi chini, na kusoma maneno madogo kuliko yote. Ukitumia amri ya kuchapa ya kivinjari chenyewe, unaweza kupata menyu na vitufe vyote vya ukurasa na nusu ya chati, nusu nyingine ikiwa imebaki nje ya karatasi kwa kuwa hukuigeuza kulala. Na jedwali ulilolipaka rangi ili kuonyesha vituo vyenye hatari linatoka jeupe pe, kwani vivinjari vingi huacha rangi zilizo nyuma ya maandishi ili kuokoa wino, mpaka wewe mwenyewe uweke alama kwenye kisanduku cha kuziruhusu. Muuguzi anayepokea jedwali jeupe anafikiri hakuna hatari.

Anayetaka kuichora chati upya katika programu ya majedwali anakutana na nukta na mkato. Kompyuta zetu ziko kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa desimali huandikwa kwa mkato. Namba zikitoka na nukta, 12.5 haisomwi kuwa namba, inasomwa kuwa neno, na neno halina urefu wa nguzo. Nimeona chati yenye mashimo katika miezi mitatu, na watu wakijadili kwa uchungu kwa nini miezi hiyo hakukuwa na kazi. Kazi ilikuwepo. Ni nukta.

Hayo yote ni ya mikono, na mtu huyazoea. Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la furaha. Katika miezi ya mlipuko wa ugonjwa mmoja nilichapa chati ya wagonjwa kwa wiki, na wiki ya mwisho mstari ulikuwa umeanguka. Chumba kizima kilishusha pumzi. Mtu akasema tumeushinda. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Wiki iliyofuata nilipofungua chati ile ile kwenye kompyuta, maporomoko yale hayakuwepo: ripoti zilizochelewa zilikuwa zimefika, na wiki ile iliyoonekana nzuri ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Kioo kilijisahihisha usiku bila kelele. Karatasi ya mlangoni iliendelea kusema tumeushinda, na kila aliyeingia aliiamini, mpaka nilipoibandua.

Tangu hapo kila chati ninayoichapa ina mstari chini: imetolewa tarehe fulani, ripoti zilizofika ni kadhaa kati ya kadhaa. Wiki au mwezi ambao haujakamilika nauchora kwa vikato, au siuchori. Na siandiki "miezi 12 iliyopita" kwenye kichwa. Kwenye kompyuta maneno hayo ni sahihi kila siku, kwa kuwa programu inahesabu upya kila unapoifungua. Ukutani, yakikaa mwaka mmoja, ni uongo. Naandika Januari hadi Desemba, na mwaka.

Mama Titulere aliandika pia idadi ya watu juu ya chati yake, na hilo lilinifungua macho kuhusu asilimia. Ili kujua asilimia ya watoto waliochanjwa lazima ujue watoto wako wangapi. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika 1984. Tangu hapo idadi ya watu wa eneo hupatikana kwa kuongeza kiasi fulani kila mwaka juu ya makadirio ya mwaka uliopita, na watoto wa chini ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa asilimia 3.49 ya watu wote. Tuseme eneo lina watu 14,000: unatarajia watoto 489 kwa mwaka, 41 kwa mwezi. Lakini Lubumbashi inakua kwa pembezoni. Kiwanja kilichokuwa shamba la mahindi kinakuwa mtaa kabla makadirio hayajajua. Muuguzi wa hapo anachanja watoto 60 kwa mwezi, na chati inamwandikia asilimia 147 hivi. Nimewahi kuzuia kipimo cha chati kiishie 100 ili kionekane cha heshima, na nguzo zote ndefu zikakatwa vichwa, zikalingana. Kituo cha pembezoni kilichoelemewa na watoto kikafanana na kituo cha katikati ya mji chenye watoto wake wachache. Nguzo iendelee kupanda hata ikipita 100. Na idadi iliyotumiwa kugawanya iandikwe pale pale, ili mwenye eneo aweze kusema: hapana, sisi tuko wengi kuliko hivyo.

Watu wa mji huu hawahitaji kufundishwa kwamba picha lazima ibebe maneno yake. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi kwa picha zipatazo 100 katika miaka ya 1973 na 1974, aliandika ndani ya picha zenyewe: jina la tukio, tarehe, na saini. Picha zake na za wachoraji wenzake ziliuzwa zining'inizwe sebuleni, mbali na mchoraji, na hakuna ambaye angesimama kando yake kila siku kueleza. Muuguzi Florence Nightingale naye, alipochapisha 1858 michoro ya vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Krimea kwa bluu, nyekundu na nyeusi, aliweka kwenye ukurasa ule ule maelezo ya kila rangi inasimamia nini. Mtu aliyepewa karatasi ile moja peke yake aliweza kuisoma.

Mimi nilikuwa nimeandika vichwa vya chati zangu kwa Kifaransa cha ofisi. "Taux d'abandon Penta1-Penta3." Katika mikutano ya kamati ya maendeleo ya eneo la afya, CODESA, wanakaa wauza mkaa, walimu, mafundi cherehani, na akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba bila mshahara kuwakumbusha wenzao siku ya chanjo. Wengi wao wanasoma Kiswahili bila taabu. Nikabadilisha kichwa: "Watoto walioanza chanjo na hawakumaliza." Nikabadilisha na namba pia. Mahali pa asilimia 12 niliandika: katika kila watoto 100 walioanza, 12 hawakurudi.

Mara ya kwanza nilipoipeleka chati hiyo katika mkutano wa kamati, ilikuwa kwenye kituo cha Mama Titulere, chini ya mti uani. Aliomba mwenyewe niende. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaiweka juu ya goti, akafuata mstari kwa ukucha, mwezi kwa mwezi, akasimama mahali ulipopanda ghafla.

— Iyi njo siye?

Ndiyo, nikamwambia, hii ndiyo ninyi.

Akakaa kimya kidogo akihesabu kwa vidole, kisha akasema:

— Mwezi wa munane. Chanjo ilikosekana. Bamama balikuya, balirudia na batoto.

Wengine wakaitikia. Walikumbuka hata siku: Jumanne mbili mfululizo friji ilikuwa tupu, akina mama waliotoka mbali wakarudi walivyokuja, na baadhi waliapa kutorudi tena. Nilikuwa nimeutazama mwinuko ule wa Agosti kwa wiki nzima ofisini na kuandika katika ripoti kwamba uhamasishaji wa jamii ni dhaifu. Mbele yangu walikaa wale wale niliowaita dhaifu, na wao ndio waliokuwa wamewaleta kina mama wale hadi mlangoni.

Mama Titulere akatoa kalamu mfukoni mwa koti lake jeupe, akanipa. Nikaandika juu ya Agosti, kwenye karatasi yenyewe, maneno ya yule mama.

DHIS2 ina nafasi ya kuandika maelezo kando ya chati, na jioni ile niliyaandika huko ili mkoa uyasome. Ila nilipojaribu kutoa chati tena kama PDF, maelezo hayakutoka pamoja nayo. Yalibaki kwenye programu. Hivyo niliyaweka katika kichwa kidogo chini ya kichwa kikubwa, mahali ambapo hayawezi kuachwa nyuma: "Agosti: chanjo ilikosekana Jumanne mbili. Akina mama walikuja." Nikaitoa upya, nikaifungua, nikaisoma yote, nikaipiga fotokopi mara mbili kuona kama herufi zinasomeka.

Ijumaa niliipeleka kituoni. Mama Titulere alisogeza kiti hadi ukutani, akapanda, akang'ata sparadra kwa meno vipande vinne. Hakuibandika juu ya karatasi yake. Aliibandika chini yake, Januari yangu chini ya Januari yake.